Tunapoicheka Kazi Iliyoharibika

Ndugu zangu, sisi tumekuwa wepesi mno wa kuicheka kazi iliyoharibika. Askari wa barabarani akiteleza kwenye tope la mvua, hajainuka bado na picha yake imeshafika Nzega na Urambo. Karani akikosea akatoa cheti cha kifo kwa jina la mtu anayetembea, vijiwe vya kahawa vya Ng'ambo na Isevya vinapata kicheko cha wiki nzima. Fundi akifunga bomba na maji yakatokea ukutani kwa jirani, anapewa jina litakalomfuata hadi uzeeni. Tunasema kavurunda, kaboronga, kalipua, na tukishasema tunajiona tumemaliza. Sikusudii kuwanyima watu kicheko. Mji wetu ni mji wa watani, na asiyetaniwa Tabora ni mgeni ambaye hajapata mwenyeji. Nataka tutazame pamoja kicheko hiki kinamwangukia nani, na kinampa nani nafasi ya kupita bila kuulizwa.

Ulimwengu una mfano wake mashuhuri wa jambo hili. Mwaka 1912 Mack Sennett, mzaliwa wa Kanada, alianzisha kampuni ya filamu iliyoitwa Keystone, akafanya kazi zake Los Angeles. Filamu za wakati ule hazikuwa na sauti, hivyo kichekesho kilitafutwa kwenye mwili: kuanguka, kugongana, kukimbizana. Sennett akawatumia askari polisi. Kundi zima linaitwa kumkamata mwizi; wanalirukia gari moja, wanadondoka mmoja mmoja kwenye kona, wanapigana virungu wao kwa wao, na mwizi anapita katikati yao. Ford Sterling aliigiza mkuu wao, mzee wa kufoka asiyetiiwa na yeyote. Charlie Chaplin naye, kabla jina lake halijawa kubwa, aliwahi kuivaa sare hiyo mwaka 1914. Zaidi ya miaka mia imepita, na wengi hawajaiona hata filamu moja kati ya zile, lakini Marekani na Uingereza jina halijafa. Timu ikicheza ovyo, au wizara ikitoa asubuhi amri inayoipinga ya jana, utasikia wakiitwa Keystone Kops.

Mimi sioni ubaya katika kicheko kile. Katika filamu hakuna aliyeumia: askari anaanguka, anainuka, anapangusa vumbi, anaanza tena kukimbia. Tena waliokuwa wakijaza kumbi zile walikuwa vibarua na wahamiaji wengi, watu waliolijua rungu la polisi mgongoni mwao. Walikuwa wanamcheka mwenye nguvu. Hata huku kwetu watu walilihitaji jambo kama hilo. Mwaka huohuo wa 1912 reli ya Wajerumani ilifika Tabora, na askari wa enzi ile hakuwa mtu wa kuchekesha. Alikuja na kiboko na hamsa ishirini, viboko 25 ambavyo wazee walisimuliana kwa sauti ya chini. Watu wa wakati huo walikuwa na Beni, ngoma iliyozaliwa mwambao miaka ya 1890 na kusambaa bara pamoja na askari, makarani na reli. Wachezaji walipiga gwaride, wakajipa vyeo vya kijeshi, na ndani ya gwaride lile sifa na kejeli zilitembea bega kwa bega. Siku hizi Davis Mwabili wa Kenya amewachekesha watu kwa miaka mingi akiwa Inspekta Mwala kwenye televisheni, na familia nzima hukaa pamoja kumtazama. Hayo yote ni halali yetu.

Shida inaanza tunapoyachukua macho yale ya kutazamia filamu tukamtazamia nayo askari wa kweli, muuguzi wa kweli, karani wa kweli. Kosa la kwenye filamu halina mwathirika. Kosa la dirishani lina mjane anayerudi mara ya nne kufuatilia mirathi kwa sababu herufi moja ya jina la marehemu haifanani na ile ya kwenye kitambulisho. Kosa la kituoni lina kijana aliyelala mahabusu kwa jina linalofanana na la mwingine. Tukilicheka kosa hilo kama tunavyocheka sinema, tumemtoa mjane na kijana katika hadithi yao wenyewe.

Na hapa nawaomba mnivumilie kidogo, kwa maana sisi watu wa njia ya misafara hatukuachwa bila mafundisho kuhusu kicheko. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, hapa kwetu Tabora, ni kama kilomita 800, na msafara ulichukua miezi kama mitatu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, takriban kilo 32, juu ya hizo akaongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Alipita katika nchi za watu ambao si ndugu zake. Aliweza kuugua homa njiani, kuishiwa posho Ugogo, kufa mahali ambapo hakuna hata mmoja anayelijua jina la babu yake. Safari kama ile ilihitaji kitu kati ya undugu na ugeni, na kitu hicho kilikuwa utani. Wanaofuatilia historia ya watani, kama Wanyamwezi na Wazaramo, huitaja njia ya misafara kuwa mojawapo ya mahali ulipokomaa.

Sote tunaujua utani unavyokuwa. Mtani anaingia msibani, anavaa kofia ya marehemu, anaigiza mwendo wake na kikohozi chake, anataja madeni aliyoacha na ubahili wake. Atalala kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Mgeni akimwona atasema huyu hana adabu. Lakini tazameni masharti yake. Mtani anakukejeli mbele ya macho yako, au mbele ya watu wako wanaoweza kumjibu. Anajua kwamba kesho zamu ni yake, naye atakejeliwa vilevile na hatakuwa na ruhusa ya kununa. Na jambo kubwa kuliko yote, huyohuyo anayecheka ndiye anayeshika jembe la kuchimba kaburi, anayechota maji, anayesimamia chakula cha wafiwa waliozidiwa na uchungu. Kicheko chake kina deni ndani yake, naye analilipa siku hiyohiyo.

Sasa tukipime kicheko chetu cha siku hizi kwa masharti hayo. Tunamrekodi mtu kwa simu hali hajui. Tunaisambaza picha kwa watu asiowafahamu, ambao hatapata nafasi ya kuwajibu. Na katika wote waliosimama kushika simu, mara nyingi hatokei hata mmoja aliyenyoosha mkono kumwinua. Tunaliita jambo hili utani, na kwa kufanya hivyo tunawakosea watani. Hili ni kumdhalilisha mja, na aliyelifanya anajua moyoni mwake kwamba ndivyo.

Lipo na kosa la pili, ambalo mimi naliona zito zaidi. Wanaovurunda kazi si watu wa aina moja, na kicheko kinawatia wote katika kapu moja.

Yupo asiyejua. Ni mwanagenzi aliyeanza juzi, au mtu aliyepelekwa kwenye kazi asiyofundishwa kwa sababu aliyefundishwa amehamishwa. Nia yake ni njema na mikono yake haijazoea. Kuteleza si kuanguka, walisema wazee, na mtu huyu ameteleza tu. Akichekwa hadharani mara moja, mara ya pili hatauliza. Ataona heri akosee kimyakimya kuliko aonekane hajui, na siku hiyo kosa dogo linageuka kubwa, kwa maana mficha uchi hazai. Makosa mangapi ya hospitalini na karakana yameanza kwa mtu kuogopa kuwauliza wenzake kwa sababu anajua watacheka? Mtu huyu tunawiwa naye mafunzo na subira.

Yupo anayejua na hajali. Anajua saruji inahitaji maji siku kadhaa ili ishike, lakini anamwagilia siku moja na kuondoka. Anajua waya haukufungwa vizuri, anaufunika plasta. Anayelipua kazi kwa namna hii anastahili kuona aibu, tena aibu ya kuambiwa usoni na aliyemlipa. Cha kusikitisha ni kwamba kicheko chetu kinamwondolea aibu hiyo. Tunampa jina la kuchekesha, naye analipokea, anacheka pamoja nasi, na wiki ijayo tunamwita tena kwa kuwa bei yake ni nafuu. Tukumbuke kwamba mwenye nyumba aliyempa kazi huku akijua tabia yake, kisha akampangisha mtu nyumba hiyo, ana sehemu yake katika kosa.

Na yupo wa tatu, ambaye ndiye aliyenifanya niandike haya. Huyu anajua, na anajifanya hajui. Faili halionekani. Mtandao unasumbua. Mwenye ufunguo amesafiri. Njoo kesho, njoo Jumatatu, njoo baada ya sikukuu. Kwa mbali anafanana kabisa na wale askari wa Sennett: amechanganyikiwa, makaratasi yanamdondoka, anajikuna kichwa. Lakini faili analo kwenye mtoto wa meza, na anachosubiri ni noti ikunjwe ndani ya kitambulisho. Ikishapita, uzembe unapona palepale, faili linaonekana, mtandao unarudi. Nasi, badala ya kuliita jambo hilo kwa jina lake, tunatoka nje tukitikisa vichwa na kucheka: ah, ofisi zetu hizi! Mwongo huyu hakutaka zawadi kubwa kuliko hiyo. Tumemhesabu miongoni mwa wasioweza, na asiyeweza haulizwi nia yake.

Ndugu zangu, hapo ndipo kicheko kinapogeuka kuwa pazia. Tunamwaibisha mkweli aliyekosea kwa kutokujua, na tunamsitiri mwongo aliyekosea kwa kukusudia.

Tabia hii si ngeni. Mwaka 1952 Watanganyika walitazama filamu ya Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kulaghaiwa na wajanja wa mjini. Aliyemwigiza Muhogo alikuwa kijana aliyesoma hapa Tabora, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Filamu ilikusudiwa kuonya na kufundisha. Lakini tujiulize kwa uaminifu: katika hadithi za namna hiyo, tangu zile mpaka hizi za kwenye simu, tunamcheka nani? Tunamcheka mshamba. Tapeli tunamwita mjanja, na neno hilo midomoni mwetu lina ladha ya sifa. Mtoto anayekua akisikia vicheko vyetu anajifunza haraka kwamba fedheha kubwa duniani ni kutojua, na kwamba kudanganya kuna heshima yake.

Njia yetu ya zamani ina watu waliotuachia kipimo tofauti. Mwezi Mei 1873 David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake wakaanza kuubeba kuelekea pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza, naye akawashauri wamzike papo hapo. Fikirini udhuru waliopewa! Mkubwa wa taifa la marehemu mwenyewe amesema mzikeni. Njia mbele ni mbaya, mwili ni mzigo ambao vijiji haviutaki. Wangemzika karibu na Kwihara, pale marehemu alipokuwa ameishi mwaka uliotangulia, na hapana binadamu ambaye angewalaumu wala kuwacheka. Walikataa. Mbele ya safari walipozuiwa kupita na maiti, waliufunga mwili ukaonekana kama mzigo wa kawaida wa nguo, wakaendelea. Februari 1874 walifika Bagamoyo, wakaikabidhi amana. Udhuru walikuwa nao, tena wa halali, wakauacha Unyanyembe. Yule wa dirishani anautunga udhuru asubuhi kabla ya kufungua mlango.

Labda mtu atasema: tukiacha kucheka, tutafanya nini, na sisi hatuna mamlaka? Jibu moja tunalo katika kumbukumbu zetu za karibu, na si jibu la kujivunia moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulikithiri Usukuma na Unyamwezi. Wananchi walisema polisi hawawezi. Ni kweli kwamba baada ya vita vya Kagera nchi haikuwa na mafuta wala magari ya kutosha, na askari wengi walishindwa bila kupenda. Lakini watu waliamini pia kwamba wapo walioshindwa kwa makusudi, kwa sababu walikuwa na sehemu yao katika wizi. Hakuna aliyekaa kuwatenganisha. Vikazaliwa vikundi vya sungusungu, kwa pinde na mishale na filimbi za usiku. Wizi ulipungua, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Ila katika kazi ile watu walipigwa kwa tuhuma tu, na akina mama wazee walifukuzwa vijijini kwa kusingiziwa uchawi. Aliyechoka kuwachambua polisi hakuweza kuwachambua watuhumiwa pia. Mwenye kosa na asiye na kosa wakaonja fimbo moja.

Jibu jingine lilitoka kwa mwenye mamlaka mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1970, mikoa jirani ya Shinyanga na Mwanza ilikumbwa na mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Katika kuyapeleleza, vyombo vya dola viliwatesa watu waliokamatwa, na baadhi yao wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumgusa mtu yeyote kwa mkono wake. Angeweza kusema kwamba vijana wameboronga, kwamba hakuwepo, kwamba taarifa zilichelewa. Mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliofanya yale walikuwa chini yake. Nchi haikumcheka. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, ilimchagua kuwa Rais. Wakati wowote tunapozungumza habari ya kuwajibika jina lake linatajwa kwanza, na linastahili.

Nanyi mnaovaa sare na mnaokaa nyuma ya madirisha, ninyi ni watoto wetu na wadogo zetu, na nasaha hii haikuwaruka. Mkikosea, semeni mmekosea, siku hiyohiyo, kwa maneno ambayo mama asiyesoma atayaelewa. Mwananchi husamehe kosa lililokiriwa kuliko mnavyodhani. Asichosamehe ni kuzungushwa. Askari anayesema "mzee, nilikuandikia vibaya, ngoja nirekebishe" haondoki na heshima pungufu; anaondoka na shahidi atakayemtetea kijiweni. Na mwenzenu anayejifanya hajui ili apewe chochote anaichafua sare ya kila mmoja wenu, hata yule aliyekesha lindo kwenye baridi ya Juni bila kupokea senti ya mtu.

Sisi nasi tuna la kukiri. Mara nyingi tunacheka kwa kuwa kicheko ni rahisi kuliko kudai haki, na kwa kuwa tunajua kwamba kesho sisi wenyewe tutaikunja noti ile ili tuwapite waliotangulia foleni. Tunayemfanyia mzaha leo ni mtu tuliyemfundisha wenyewe bei ya kuona faili.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu. Ukimwona mgeni wa kazi anatetereka, weka simu mfukoni umsaidie, kisha mtaniane mkitaka. Fundi akikulipulia, mwite arudi, mwonyeshe ufa kwa kidole, umdai atengeneze. Na ukifika dirishani ukaambiwa faili halionekani, usicheke wala usitukane. Uliza kwa heshima: mara ya mwisho lilikuwa mikononi mwa nani, na mkubwa wake anaitwa nani? Andika jibu na tarehe mbele ya yule aliyekujibu. Siku uliyopangiwa rudi na jirani yako mmoja, umuulize tena maneno yaleyale.